Kijani-Ziwa, Kobalti na Mstari Mweupe wa Katikati

Nilipofika mbele ya foleni muuguzi alimtazama mtoto, akatazama kadi, akasema, "Mama, hapa ni kwa wajawazito. Watoto wenye homa ni mlango ule wa pili."

Nilikuwa nimesimama pale tangu bati la zahanati likiwa bado na umande. Egidi wangu, miezi kumi na moja, alikuwa anawaka mgongoni mwangu hadi gauni langu lilikuwa limelowa. Nikamwuliza muuguzi, imeandikwa wapi kwamba hapa ni kwa wajawazito? Akanyoosha kidole juu bila kutazama. "Si hapo?"

Nikatazama. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama tena. Kweli, paliandikwa. Herufi za bluu ya kobalti juu ya ukuta wa kijani-ziwa, ndani ya kivuli cha upenu, bila chochote katikati. Nimeandika vibao vya serikali miaka tisa, lakini hapo sikuwa nimetambua kwamba kuna maandishi.

Nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake, naye mjukuu ana homa. Akainua uso, akakaza macho. "Mawe! Kumbe ni maneno? Mimi nilidhani ukuta umeota ukungu."

Watu wakacheka. Hapo hapo Egidi akakakamaa mgongoni, akaanza kutetemeka. Degedege. Muuguzi alimpokea akakimbia naye, na hilo sitamsahaulia. Nasema mapema ili msisome kwa wasiwasi: mtoto amepona, na leo anakula ndizi kuliko baba yake. Lakini alipokuwa ndani na mimi nje, nilipiga kelele ambazo mwenyekiti wa kijiji alizisikia ofisini kwake. "Nani amepaka hiki? Nani?" Na huku nauliza, jibu ninalo. Herufi J ya neno "wajawazito" ilikuwa na mkia uliopinda kushoto kisha ukanyooka. Mkia ule niliufundisha mimi. Ni mkono wa karakana yetu. Ni mmoja wenu.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki karakana. Ndugu Anselimi, msimamizi wenu, anacheka nikisema nimestaafu, eti mwanamke wa miaka ishirini na minane anastaafu nini. Nimeacha kazi, kazi imeniacha, chagueni neno. Vyeo sitavisimulia. Nilipewa kimoja, kikachukuliwa tumbo lilipoonekana, basi tuko sawasawa. Nataka kusimulia rangi mbili tu, jinsi nilivyozijua, maana inaonekana niliondoka nikiwa sijawaambia yote.

Nilianza mara baada ya kidato cha nne. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya taipu mjini Bukoba. Nilipofika, taipu ilikuwa imeharibika na mchapaji wa zamani bado amekaa mbele yake akiilinda. Karani akatazama mwandiko wangu kwenye barua ya maombi, akasema mwandiko huu usipotee, akanipeleka karakana ya rangi, nyuma ya maduka ya Miembeni. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwa vyeupe.

Fundi mkuu alikuwa Leonsi, tuliyemwita Ta kwa heshima ya wazee wetu, mwembamba, Mlutheri, mwenye sauti ya mtu aliyechoshwa na wote ila kuta. Hakuniuliza jina hadi saa nane mchana. Alinipa brashi kumi na moja za kuosha kwa tapentaini, kisha kwa sabuni, kisha akazikagua moja moja kwa kuzipitisha shavuni mwake. "Hii bado inakwaruza. Rudia." Niliporudia ya tatu akaniambia, "Mwalimu wako alikufundisha kuandika. Mimi nitakufundisha kuonekana. Mtu anaweza kuandika vizuri na asionekane."

Somo lake la kwanza lilikuwa la macho. Kila kibao kilichokauka alikitoa nje, akakiegemeza kwenye ukuta wa duka la jirani, akavuka barabara. Huko ng'ambo alifumba macho nusu, kama mtu anayetazama jua. "Kinachobaki ukifumba nusu ndicho kibao. Vingine vyote ni starehe yako wewe fundi." Alifanya hivyo hata kwa kibao cha choo. Nilimcheka kimoyomoyo mwezi mzima.

Miaka hiyo kazi ilikuwa nyingi kuliko rangi. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa, na kila kijiji kilitaka ghala, darasa, zahanati na ofisi, na kila jengo lilitaka kupakwa na kuandikwa kabla mgeni hajaja kulifungua. Rangi ilikuja kwa mgao. Hukuchagua, ulipokea. Msimu mmoja meli ya kutoka Mwanza ilituletea aina mbili tu, makopo kwa makopo. Moja ilikuwa bluu kali, nzito, ambayo kopo lake liliandikwa kobalti. Nyingine ilikuwa na jina la Kizungu ambalo hata mimi niliyesoma sikuweza kulitamka bila aibu. Haikuwa kijani, haikuwa bluu. Ta Leonsi akachovya kijiti, akakitazama mwangani, akasema, "Hii ni kijani-ziwa," na hadi leo hakuna aliyeiita vinginevyo.

"Tutafanya nini na rangi mbili zinazofanana?" nikauliza.

"Hazifanani. Ni ndugu. Ndugu ndio wanaogombana."

Akanipa ubao nipake nusu kwa nusu. Nilipomaliza niliufurahia sana. Zile rangi zilikuwa zinapendana kweli, kila moja ilimfanya mwenzake awe mzito zaidi. Nikavuka barabara, nikafumba macho nusu. Ubao wote ukawa doa moja jeusi. Mpaka niliouchora kwa kamba ya chaki, ulionyooka kama kisu, haupo. Nikafumbua, upo. Nikafumba, haupo. Nilicheza hivyo hadi mwenye duka akaniuliza kama nina vumbi jichoni.

Siku zile nilikuwa sina mtoto wala mume, nilikuwa na udadisi tu. Nikaanza kuzibeba zile rangi kila mahali. Nilizitazama asubuhi, adhuhuri, chini ya mvua. Niligundua kwamba juani kijani-ziwa hung'aa na kobalti hurudi nyuma, kwa hiyo zinatengana vizuri. Kivulini zote mbili hurudi nyuma pamoja na kushikana mikono. Niligundua kwamba ukuta mzima wa kobalti humfanya mtu aongee kwa sauti ya chini, na ukuta mzima wa kijani-ziwa humfanya apumue. Nikazipima kwa sehemu: kijani-ziwa sehemu tatu, kobalti sehemu moja, ndipo macho hutulia. Nusu kwa nusu zinashindana. Na mkanda wa chini wa ukuta uwe kobalti, maana udongo wetu mwekundu huruka na mvua, na kijani-ziwa kikichafuka kinaonekana kama mtu mgonjwa.

Nilikosea pia. Kobalti ilipoisha nilichanganya bluu ya kufulia, ile ya vipande vidogo, kwenye chokaa, nikapaka darasa zima nikijiona mjanja. Mvua mbili baadaye lile darasa lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Mwalimu mkuu alinitumia salamu ambazo sitaziandika.

Aliyenipa dawa ya zile rangi hakuwa fundi. Pale mbele ya karakana alikaa Ma Paskazia, mama mtu mzima, anasuka mikeka ya ukindu na kuuza palepale. Alikuwa ananitazama siku zote nikivuka barabara na kurudi. Siku moja akaniita.

"Binti, umepoteza nini huko ng'ambo?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akageuza mkeka uliokuwa mapajani, wenye mistari myeusi na ya zambarau iliyoiva. "Nionyeshe mahali nyeusi imegusana na zambarau."

Nikatafuta. Hapakuwa na mahali. Kila mara kati ya nyeusi na zambarau palikuwa na msuko mmoja mwembamba wa ukindu usiotiwa rangi, mweupe wa kawaida. Sikuwahi kuuona, na nimelalia mikeka hiyo tangu kuzaliwa.

"Majirani wawili wenye vibanja vizuri vya migomba," akasema, "usipowaachia njia katikati, utasuluhisha kesi hadi ufe. Weusi wawili hawakai pamoja bila njia."

"Nani alikufundisha, Ma?"

"Nani? Mama yangu alinipiga vidole kwa mti wa kusukia. Huyo ndiye alinifundisha."

Nikarudi karakana, nikavuta mstari wa chokaa iliyochanganywa na gundi, unene wa kidole kidogo, kati ya kijani-ziwa na kobalti. Nikavuka. Nikafumba. Rangi mbili, wazi, kila moja kwake. Ta Leonsi alikuja akasimama pembeni yangu, akafumba nusu. Kisha akasema, "Leo kunywa chai kwanza, brashi utaosha baadaye." Anayemfahamu anajua hiyo ni sifa.

Nilimwuliza wakati wa chai zile rangi zina maana gani. Sista wetu shuleni alikuwa ametufundisha kwamba bluu ni joho la Bikira Maria. Ta Leonsi akapuliza kikombe. "Kwetu sisi Walutheri bluu ni bluu. Waulize wanaoishi nayo."

Wanaoishi nayo nilikutana nao Bumbire. Tulipelekwa kisiwani kupaka mitumbwi saba ya kikundi cha uvuvi cha kijiji. Nilipaka kwa akili ya shule: rangi nzito chini, nyepesi juu, kobalti tumboni mwa mtumbwi, kijani-ziwa kwenye ukingo. Kazi safi. Kesho yake asubuhi mitumbwi yote saba ilikuwa nchi kavu na wavuvi wamekaa chini wamekunja mikono.

Kiongozi wao aliitwa Ta Kaijage. "Nani ametuchorea msiba?"

"Ni mimi, waitu," nikasema kwa heshima. "Msiba gani?"

Akanishika bega akanisimamisha ukingoni mwa maji. "Hapa miguuni pako, maji yana rangi gani?"

"Kijani-ziwa."

"Na kule mbele?"

Mbele, baada ya miamba, maji yalikatika ghafla yakawa kobalti. Sikuamini jinsi yalivyokatika. Nilikuwa nimelitazama ziwa lile maisha yangu yote kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumbani kwao.

"Basi mtu aliyesimama salama anaona kijani chini, bluu juu. Wewe umeweka bluu chini, kijani juu. Nani anaona hivyo?"

Nikafikiri. "Aliye kilindini, anayetazama nchi kavu."

"Umejijibu mwenyewe. Sasa nani apande hiyo?"

Mwenzake mmoja, Zakaria, akadakia, "Lakini Ta, hata anayerudi nyumbani na samaki anaona hivyohivyo."

"Wewe Zakaria ulirudi na samaki lini?"

Kisiwa kizima kilicheka, hata Zakaria. Tulipaka upya mitumbwi yote, kijani-ziwa chini, kobalti juu. Ta Kaijage alisimamia mwenyewe, na tulipofika mahali rangi zinapokutana akanionyesha kwa ukucha. "Hapa weka mstari wako mweupe. Pale ziwani ndipo chini panapokatika. Mgeni hajui kupatofautisha, anapiga hatua moja tu." Ndipo nikajua maana ya zile rangi mbili zikiwa pamoja. Kila moja peke yake ni pumziko. Zikikaa pamoja ni ukingo, zinasema hapa kitu kimoja kinakwisha na kingine kinaanza. Lakini hazisemi hivyo mpaka uzitenganishe. Na kuna faida ambayo hatukuitarajia: mitumbwi ya zamani ya bluu ilipotea machoni ikiwa mbali kidogo, ila hii ya mstari mweupe, wake za wavuvi waliihesabu kutoka ufukweni.

Tuliporudi Bukoba nilipaka ukumbi wa mikutano kwa namna hiyo. Kuta kijani-ziwa, milango na mkanda wa chini kobalti, mstari mweupe kila zinapokutana, herufi kobalti ndani ya vibao vyeupe. Watu walikuja kuutazama. Wazee walioingia mara ya kwanza hawakuuliza mlango wa kutokea uko wapi. Hiyo ndiyo zawadi yangu ya miaka tisa, sina nyingine.

Huo ukumbi ndio ulioleta balaa, na hapa najilaumu. Ta Leonsi alipozidiwa na kifua akarudi kwao, tukaletewa Ndugu Anselimi. Ndugu Anselimi si mtu mbaya. Anavaa kalamu nne mfukoni na anapenda kila kitu kilingane. Aliupenda ule ukumbi. Akaagiza kwamba majengo yote mapya ya huduma yapakwe kijani-ziwa na kobalti, ndiyo iwe sura yetu. Nilifurahi kama mjinga. Kisha nikaona mchoro wake. Mstari mweupe haumo.

"Ndugu, mstari uko wapi?"

"Unakata kata. Bila mstari kunatulia. Na rangi nyeupe ya mafuta hatuna kwenye mgao."

"Si rangi ya mafuta. Ni chokaa na gundi."

"Chokaa ni ya vyooni, Odilia."

Nilimwomba avuke barabara afumbe macho nusu. Akaniambia yeye si mwehu asimame Miembeni amefumba macho mbele ya umma. Nilimpeleka mkeka wa Ma Paskazia ofisini. Akausifu, akauliza kama upo mkubwa zaidi wa sebuleni. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, na wiki ile akaniambia kwa upole kwamba wanawake hali yao ikishafika hapo huona makosa kila mahali. Leo ningemjibu. Nilichukua brashi zangu mbili nikarudi Muleba, nikajifungua, nikasema yatanipita.

Ninyi mlikuwepo siku ile. Mlisikia maneno yote. Nawajua kwa majina lakini sitawataja, mna kazi na mna watoto. Nauliza tu: mlipomaliza kuandika pale juu ya mlango wa zahanati, kuna hata mmoja aliyevuka uwanja akageuka kutazama? Ni hatua ishirini. Hazihitaji ruhusa ya mtu.

Baada ya Egidi kuruhusiwa, nilikaa uwanjani siku nzima ya kliniki, mtoto kifuani, kutazama. Akina mama wakija kutoka upande wa Ijumbi hawakuinua macho kabisa. Walifuata foleni ndefu, wakidhani penye wengi ndipo penyewe. Mlango wa watoto wenye homa ulikuwa na watu watatu. Ule wa wajawazito ulikuwa umezunguka jengo, na mle ndani ya foleni nilisikia vikohozi vya watoto. Nikainuka nikaanza kuwaelekeza mmoja mmoja. Mama mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye muuguzi?" Nikamwambia, "Hapana, mimi ni kibao."

Nilimfuata Ndugu Anselimi Bukoba. Akanipokea vizuri, akamsifia mtoto, akasema atalifikiria katika mgao ujao. Nikamwambia chokaa ipo, gundi ipo, mimi nitapaka mwenyewe bure. Akasema jengo la umma halipakwi na mtu asiye mtumishi. Basi nikaandika, nikapeleka mwenyewe wilayani, nikasubiri hadi nakala yangu ikagongwa mhuri. Nainakili hapa kama ilivyo, msije mkaambiwa niliandika mengine.

Kwa Afisa Ujenzi wa Wilaya, Muleba.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAANDISHI YA MILANGO YA ZAHANATI

Mimi ni mwananchi na mama wa mtoto mchanga. Niliwahi kuwa mwandishi wa vibao katika karakana ya rangi, Bukoba.

Nalalamika kwamba maandishi juu ya milango ya zahanati yetu hayasomeki. Yameandikwa kwa bluu ya kobalti juu ya kijani-ziwa, kivulini, bila rangi nyeupe kuyatenganisha. Watoto wenye homa wanapangwa katika foleni ya wajawazito. Mwanangu alipata degedege akiwa katika foleni hiyo. Siku nyingine haitakuwa degedege tu.

Nakiri kwamba rangi hizo mbili nilizianzisha mimi. Hazina kosa. Kosa ni kuondoa mstari.

Naomba herufi zizungushiwe chokaa nyeupe kabla ya siku ya kliniki ijayo. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, kwa mtu mmoja na ndoo moja. Nimeambiwa siruhusiwi kuifanya kwa kuwa si mtumishi. Basi naomba ruhusa hiyo kwa maandishi, au naomba ninyimwe kwa maandishi.

Kama Ndugu Afisa ana shaka, naomba aje mwenyewe siku ya kliniki, asimwulize mtu yeyote, atafute mlango wa mtoto mwenye homa. Akiupata kwa kusoma, malalamiko haya nitayafuta mimi mwenyewe mbele yake. Ili asije mikono mitupu kama mtu anayetembea tu, nitampa Egidi ambebe.

Odilia, mama Egidi.